Jina la Ugonjwa na Safari ya Taarifa: Homa ya Mgunda, Lejionela na Lugha ya Afya ya Jamii katika Tanga

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya jina la ugonjwa na namna taarifa za ugonjwa huo zinavyosafiri kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mamlaka za afya. Mfano mkuu ni leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria wa majini ambao Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza mwezi Julai 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Ugonjwa wa lejionela, ambao nao huletwa na bakteria wa majini na kushambulia mapafu, umetumiwa kwa ajili ya ulinganishi. Hoja inayotetewa ni kwamba jina hubeba sehemu moja tu ya maarifa ya ugonjwa, na kwamba sehemu iliyobaki isipobebwa na fasili na taarifa, baadhi ya walio hatarini hawatajitambua. Mifano ya mazingira imechukuliwa kutoka Tanga, hususan maeneo ya mjini kama kata ya Mabawa.

1.0 Utangulizi

Mapema mwezi Julai 2022 wagonjwa walianza kufika katika vituo vya afya vya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu mwingi na kuvuja damu puani. Katikati ya mwezi huo Mganga Mkuu wa Serikali aliutangazia umma kuwa wagonjwa 13 walikuwa wamepatikana na 3 kati yao walikuwa wamefariki. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kuwa ugonjwa huo haukuwa ebola, wala Marburg, wala UVIKO-19. Kwa siku kadhaa ugonjwa ulikuwa na dalili, ulikuwa na vifo, lakini haukuwa na jina. Tarehe 18 Julai 2022 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa huo ni leptospirosisi, na akautaja kwa Kiswahili kuwa ni homa ya mgunda. Idadi ya wagonjwa ilikuwa imefikia 20, na vifo vilibaki 3.

Tukio hilo limeshughulikiwa na wataalamu wa tiba kwa upande wao. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili lina suala jingine lisilo dogo. Siku ugonjwa ulipopewa jina, hofu ya umma ilipata mahali pa kutua, na waandishi wa habari wakapata neno la kuandika. Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: neno hilo liliwaambia nini wasikilizaji, na ni nini ambacho halikuwaambia? Swali hili lina uzito kwa sababu leptospirosisi hutibika kwa dawa za kawaida ikitambuliwa mapema, na huweza kuua ikicheleweshwa. Kati ya kutambuliwa na kucheleweshwa, mara nyingi pana neno.

Makala yamegawanyika katika sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza chanzo cha magonjwa haya mawili. Sehemu ya tatu inapitia utaratibu wa kuyapa majina magonjwa ya homa katika Kiswahili na kulichambua jina la mgunda. Sehemu ya nne inafuatilia safari ya taarifa. Sehemu ya tano inajadili lugha ya kinga, na sehemu ya sita ni hitimisho.

2.0 Chanzo cha ugonjwa na njia zake

2.1 Leptospirosisi

Leptospirosisi huletwa na bakteria wembamba waliojisokota mithili ya uzi, waitwao leptospira. Ugonjwa ulielezwa kitaalamu na Adolf Weil huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1886, na bakteria wenyewe wakatambuliwa na watafiti wa Japani, Inada na Ido, kati ya mwaka 1915 na 1916. Bakteria hao huishi katika figo za panya, ng'ombe, nguruwe, mbwa na wanyama wengine, nao hutoka pamoja na mkojo. Wakiingia katika maji baridi yaliyotuama au udongo wenye unyevu, huweza kuishi kwa wiki nyingi. Ukavu huwaua, na maji ya chumvi hayawafai. Kwa hiyo, katika mwambao, hatari haimo katika bahari yenyewe bali katika madimbwi, mifereji na mashamba yaliyo nyuma ya ufuko.

Binadamu huambukizwa pale maji au udongo wa aina hiyo unapogusa ngozi yenye mchubuko, macho, pua au kinywa. Dalili huanza kwa kawaida baina ya siku 5 na 14 baada ya maambukizo. Wagonjwa wengi hupata homa, maumivu ya kichwa na ya misuli, kisha hupona. Wachache hupata umanjano wa macho, figo kushindwa kufanya kazi, au mapafu kuvuja damu ndani kwa ndani. Hali hii ya mapafu ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani huweza kuua zaidi ya nusu ya wanaoipata. Mwaka 1995, baada ya mvua kubwa na mafuriko, watu wa Achuapa nchini Nikaragua walipatwa na homa iliyoambatana na mapafu kuvuja damu. Kwa kuwa hawakuwa na umanjano wala maradhi ya figo, ugonjwa ulidhaniwa kwanza kuwa ni dengi. Uchunguzi ulionyesha baadaye kuwa ulikuwa leptospirosisi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha kuwa ugonjwa huu hupata watu wapatao milioni 1 kila mwaka duniani, na kuua karibu 59,000.

2.2 Lejionela

Lejionela ni ugonjwa mwingine wa bakteria wa majini, nao hushambulia mapafu moja kwa moja. Ulijulikana baada ya mkutano wa maveterani wa vita wa Marekani uliofanyika mwezi Julai 1976 katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Watu 221 waliugua na 34 wakafariki. Bakteria waliosababisha maafa hayo walitambuliwa na Joseph McDade miezi michache baadaye, na matokeo yakatangazwa mwezi Januari 1977. Bakteria walipewa jina la chama cha maveterani hao, wakaongezewa neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kupenda mapafu: Legionella pneumophila.

Bakteria hawa huzaliana katika maji ya uvuguvugu, hasa baina ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi, ndani ya mabomba, matangi na mitambo ya kupozea hewa ya majengo makubwa. Hujificha katika utando wa ute unaoganda ndani ya mabomba, na hata ndani ya amiba, hivyo klorini ya kawaida huweza isiwafikie. Binadamu huambukizwa kwa kuvuta pumzi yenye vitone vidogo mno vya maji hayo, kama vile vitokavyo kwenye bomba la mvua la kuogea. Kwa kawaida ugonjwa hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Kinga yake kuu ni kutunza maji ya moto katika nyuzi 60 au zaidi, kuweka maji ya baridi chini ya nyuzi 20 inapowezekana, kusafisha matangi, na kutoacha maji yakae muda mrefu katika mabomba yasiyotumika.

2.3 Ulinganishi

Magonjwa haya mawili yanafanana katika mambo matatu: yote huletwa na bakteria, yote hutegemea maji, na yote huweza kuonekana kama nimonia ya kawaida. Hata hivyo, dawa zake hazifanani. Leptospira huuawa na penisilini au doksisaiklini. Bakteria wa lejionela huishi ndani ya seli za mwili, mahali ambapo penisilini haiwadhuru, hivyo hutibiwa kwa dawa kama azithromaisini. Wagonjwa wawili wanaoandikiwa neno moja katika daftari la zahanati huweza, kwa hiyo, kuhitaji dawa mbili tofauti. Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa suala la uhai.

3.0 Majina ya homa katika Kiswahili

3.1 Misingi ya kutoa majina

Kiswahili huyapa majina magonjwa mengi kwa kutumia neno homa likifuatiwa na kihusishi cha -a unganifu pamoja na nomino nyingine. Nomino hiyo ya pili ndiyo inayobainisha. Mifano ifuatayo inaonyesha misingi inayotumika:

(1) Kiungo cha mwili: homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo.
(2) Rangi: homa ya manjano.
(3) Mahali: homa ya Bonde la Ufa, homa ya mgunda.
(4) Mnyama: homa ya nguruwe.
(5) Mwenendo wa dalili: homa ya vipindi.

Kila msingi una faida na hasara yake. Msingi wa kiungo humwonyesha mgonjwa mahali panapouma, lakini haumwonyeshi ugonjwa ulikotoka. Homa ya mapafu ni jina la nyumba yenye milango mingi: nimonia ya kawaida, lejionela na leptospirosisi iliyofika mapafuni zote huingia humo. Msingi wa rangi huonekana wazi, lakini rangi moja huweza kuwa ya magonjwa zaidi ya moja. Kosa hili limewahi kuwapata hata mabingwa. Mwanasayansi wa Kijapani Hideyo Noguchi, aliyefanya kazi Marekani, alidai baada ya uchunguzi wake wa mwaka 1918 huko Guayaquil, Ekuado, kuwa homa ya manjano huletwa na aina ya leptospira. Wagonjwa wa magonjwa yote mawili walikuwa na umanjano. Dai hilo lilikuja kubatilishwa, na Noguchi mwenyewe alifariki kwa homa ya manjano mjini Accra mwaka 1928. Msingi wa mnyama nao una utata wake: mfugaji asikiapo homa ya nguruwe hufikiri maradhi ya mifugo yake, ilhali jina hilohilo lilitumika pia kwa mafua yaliyoenea kwa binadamu mwaka 2009.

Zaidi ya hayo, neno homa likitumika peke yake lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kupanda kwa joto la mwili. Maana ya pili, ambayo imeenea sana katika mazungumzo ya kila siku, ni malaria. Mtu asemaye "nina homa" huweza kuwa anataja dalili, au anataja ugonjwa alioukwisha kuuamua mwenyewe. Neno kichomi nalo lina tabia hiyohiyo: ni maumivu yachomayo ubavuni, na ni jina la nimonia.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kutaja ugonjwa kwa usahihi. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alieleza kuwa wenyeji waliuita ugonjwa ulioenea huko mwaka 1870 kidinga pepo, na kwamba wazee waliukumbuka kwa jina hilohilo kutokana na mlipuko wa miaka ya 1820. Baadhi ya wataalamu wameona humo chimbuko la neno dengi lenyewe, ingawa dai hilo hupokewa kwa tahadhari. Lililo wazi ni kwamba jamii ya mwambao iliutambua ugonjwa, ikautofautisha na homa nyingine, na ikatunza jina lake kwa takribani nusu karne. Dengi ilipoenea mwaka 2019, Tanga ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika, jina kidingapopo lilisikika tena kando ya jina la kigeni.

3.2 Uchambuzi wa jina "homa ya mgunda"

Neno mgunda si geni katika lugha za Kibantu. Maana yake ni shamba au konde. Linapatikana katika Kizigua, lugha ya Mkoa wa Tanga na maeneo jirani, na katika Kiyao cha kusini. Kikikuyu cha Kenya nacho kina mũgũnda kwa maana hiyohiyo. Wasafiri wa misafara ya karne ya 19 waliliandika katika jina la Mgunda Mkali, pori kavu lililokuwa katika njia ya kutoka Ugogo kwenda Unyamwezi. Kwa hiyo jina homa ya mgunda lina maana ya homa ya shambani, na linaafikiana na mojawapo ya majina ya kale ya ugonjwa huu katika lugha za Ulaya, ambayo nayo yanautaja kuwa ni homa ya kondeni.

Kwa upande wa uundaji wa istilahi, jina hili lina sifa njema tatu. Kwanza, limetumia hazina ya lugha za Kibantu badala ya kukopa neno refu lenye sauti ngumu. Pili, linatamkika kwa wepesi na linafuata muundo uliokwisha zoeleka. Tatu, halimtaji mnyama wala halikihusishi kijiji fulani na aibu ya ugonjwa. Jambo hili la tatu lina umuhimu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri kuwa majina ya magonjwa mapya yasitaje mahali mahsusi, watu, wanyama wala kazi, na jina la ugonjwa wa maveterani wa Philadelphia lilitajwa kuwa mfano wa jina lisilofaa. Laiti ugonjwa wa mwaka 2022 ungeitwa homa ya Ruangwa, wakazi wa wilaya hiyo wangebeba mzigo wa jina hilo kwa miaka mingi.

Hata hivyo, jina lina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba uwazi wake unategemea lugha ya kwanza ya msikilizaji. Mzigua huweza kulielewa mara moja. Msemaji wa mjini ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya nyumbani, na ambaye kwake shamba ni shamba tu, hulipokea kama sauti isiyo na maana, sawa na leptospirosisi yenyewe. Katika mji kama Tanga, ambamo Wadigo, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, Wasegeju na wageni wa kutoka mikoa mingine huishi mtaa mmoja, jina moja huweza kuwa wazi katika nyumba hii na fumbo katika nyumba ya pili.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo humpata hasa yule anayelielewa jina. Jina linataja shamba, na ugonjwa hauishi shambani peke yake. Uchunguzi wa Schoonman na Swai, uliochapishwa mwaka 2009, ulifanyika katika Jiji la Tanga na pembezoni mwake miongoni mwa makundi yenye hatari zaidi, na ulikuta kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi alikuwa na dalili katika damu za kuwahi kukutana na leptospira. Utafiti wa ng'ombe katika mkoa huohuo ulikuta dalili hizo kwa zaidi ya robo ya ng'ombe waliopimwa. Mfanyakazi wa machinjio, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, na kibarua anayezibua mfereji hawana mgunda. Wakisikia homa ya mgunda, huweza kuhitimisha kuwa habari hiyo ni ya watu wengine.

4.0 Safari ya taarifa

4.1 Kutoka mtaani hadi zahanati

Taarifa ya ugonjwa haianzii wizarani. Huanza mgonjwa anapoieleza hali yake kwa jamaa yake, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au kwa muuza dawa. Kutoka hapo hufika zahanati, kituo cha afya, na katika Tanga huweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Kila kituo huigeuza lugha. Maneno ya mgonjwa hugeuzwa kuwa dalili, dalili hugeuzwa kuwa jina la ugonjwa, na jina hugeuzwa kuwa tarakimu katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Tarakimu ikishaandikwa, maneno ya mwanzo hayarudi tena.

Hasara inayoweza kutokea katika ugeuzaji huu imepimwa kaskazini mwa Tanzania. Katika utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa hospitalini kwa homa walichunguzwa kwa kina. Waliokuwa wameamuliwa na waganga kuwa na malaria walikuwa 528, sawa na asilimia 60.7. Waliothibitika kuwa homa yao imeletwa na malaria walikuwa 14 tu, sawa na asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, watu 40 walikuwa na leptospirosisi. Wagonjwa hao walikuwapo, waliugua, walilazwa, lakini katika kumbukumbu za awali ugonjwa wao haukuwapo.

Haifai kuwalaumu waganga peke yao. Kipimo cha uhakika cha leptospirosisi huhitaji maabara maalumu na, mara nyingi, damu ya mgonjwa ichukuliwe mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa. Tanzania ina utaalamu huo, hasa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako utafiti wa panya na leptospira umefanyika kwa miaka mingi. Mojawapo ya aina za bakteria hao hata huitwa Sokoine. Lakini zahanati haina maabara hiyo. Kilicho nacho ni maelezo ya mgonjwa. Kwa hiyo swali moja lililoulizwa vizuri, kama vile "katika wiki mbili zilizopita miguu yako imeingia katika maji yaliyotuama?", lina thamani kubwa. Swali "una homa tangu lini?" peke yake huelekeza mazungumzo kwenye malaria.

4.2 Kutoka wizarani hadi kwa umma

Mwaka 1998 nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kufuata mkakati wa pamoja wa kufuatilia magonjwa na kuyatolea taarifa, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoutekeleza. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwaka 2007, zinazitaka nchi kutoa taarifa hata za tukio ambalo chanzo chake hakijajulikana. Kwa lugha ya kawaida, ugonjwa usio na jina nao ni habari ya kuripotiwa. Ruangwa ilikuwa mfano mwema wa kanuni hiyo: dalili ziliripotiwa kabla jina halijapatikana.

Mkakati huu umeleta istilahi zake. Tatu zinastahili kujadiliwa.

(a) Mlipuko. Neno hili limetokana na lipuka na linaleta picha ya moto au baruti. Linafaa kwa kipindupindu, ambacho huzuka ghafla. Kwa ugonjwa kama leptospirosisi, ambao huwapo mwaka mzima kwa wagonjwa wachache wachache, neno hili huweza kuwafanya watu waamini kuwa pasipo mlipuko hapana ugonjwa.

(b) Mshukiwa na mhisiwa. Mtu mwenye dalili ambaye hajathibitishwa ameitwa mshukiwa katika baadhi ya taarifa. Neno hilo ni la polisi na mahakama, nalo humtia mgonjwa katika kundi la wahalifu. Neno mhisiwa, ambalo Wizara ya Afya imekuwa ikilitumia, halina doa hilo. Faida yake si ya adabu tu: mtu asiyeogopa kuitwa mshukiwa huwahi kufika kituoni.

(c) Ugonjwa wa ajabu. Maneno haya yalitumika sana katika vyombo vya habari kabla ya tarehe 18 Julai 2022. Yanachanganya mambo mawili: ugonjwa ambao chanzo chake hakijabainika, na ugonjwa usioweza kuelezeka. La kwanza ni hali ya muda ya uchunguzi. La pili huwapeleka watu kutafuta sababu nje ya tiba. "Ugonjwa ambao bado unachunguzwa" ni maneno marefu kidogo, lakini ni ya kweli.

5.0 Lugha ya kinga

Maarifa ya umma kuhusu maji na magonjwa yamejengwa kwa sehemu kubwa na kipindupindu. Kampeni za miaka mingi, pamoja na zile za mlipuko wa kati ya mwaka 2015 na 2018, zimewafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono. Mafunzo hayo ni sahihi, lakini yameacha imani kuwa ugonjwa wa maji huingia kwa kinywa tu. Istilahi "magonjwa yatokanayo na maji" huiimarisha imani hiyo kwa kuyaweka yote katika kapu moja. Ukweli ni kwamba maji hutumia milango mitatu: kinywa, ambao ni mlango wa kipindupindu na homa ya matumbo, ngozi, ambao ni mlango mkuu wa leptospirosisi, na pumzi, ambao ni mlango wa lejionela. Mtu aliyechemsha maji yake yote ya kunywa bado huweza kuambukizwa magonjwa mawili ya mwisho.

Katika kata ya mjini kama Mabawa, ujumbe wa kinga hauna budi kutaja mlango na kutaja kazi. Ujumbe "epuka maji machafu" ni dhaifu kwa sababu maji yenye leptospira huweza kuonekana safi kwa macho. "Maji yaliyotuama" ni sahihi zaidi. Ujumbe "vaa viatu" hautoshi, kwani kandambili nazo ni viatu. Kinachotakiwa kwa anayezibua mfereji wakati wa masika ni gambuti. Kwa mfugaji na mchinjaji, ujumbe utaje mkojo wa mnyama waziwazi, uhimize kufunika michubuko na kunawa kwa sabuni baada ya kazi. Kwa kila kaya, utaje kufunika chakula na taka ili panya wasipate makazi. Aibu ya kulitaja neno mkojo katika tangazo la umma haipaswi kuzidi hatari yenyewe.

Kuhusu lejionela, ujumbe unawahusu zaidi wenye hoteli, hospitali na majengo yenye mabomba marefu. Matangi ya plastiki, ambayo watu wengi huyaita simtanki, yakikaa juani hupasha maji joto lililo ndani ya kiwango ambacho bakteria hao hukipenda. Kuyasafisha, kuyafunika na kuyaweka kivulini ni kinga isiyo na gharama kubwa. Ugonjwa wenyewe haujapata jina la Kiswahili lililozoeleka. Pendekezo la makala haya ni nimonia ya lejionela, kwa kuwa sehemu ya kwanza inaonyesha kiungo kinachougua na sehemu ya pili inamtaja bakteria mwenyewe. Jina homa ya mapafu ya mabomba lingekuwa wazi zaidi, lakini lingerudia kosa la mgunda: lingemficha yule aliyeambukizwa kwa mvuke wa chemchemi ya bustani au wa mtambo wa kupozea hewa.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa jina la ugonjwa ni chombo chenye nafasi ndogo. Homa ya mgunda ni jina lililoundwa vyema: ni la Kibantu, ni fupi, na halimdhalilishi mtu. Si busara kulibadilisha baada ya kuzoeleka. Kinachohitajika ni kulisindikiza. Kila linapotangazwa lifuatwe na fasili fupi itajayo maji yaliyotuama, mkojo wa wanyama na ngozi, na itajayo mjini pamoja na shambani. Aidha, orodha za maswali zinazotumiwa zahanati ziandikwe kwa maneno ambayo wagonjwa huyatumia, na kichomi, homa na kubanwa kifua vichukuliwe kuwa mwanzo wa mazungumzo, visiwe mwisho wake.

Kazi hii haiwezi kufanywa na waganga peke yao, wala na wanaistilahi peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili wana uwanja mpana hapa: kukusanya majina ya homa katika Kimtang'ata, Kidigo, Kibondei, Kizigua na Kishambaa, kupima namna ujumbe wa afya unavyoeleweka mtaani, na kulinganisha maneno ya mgonjwa na yale yanayofika katika daftari. Mgonjwa wa mjini Tanga mwenye mapafu yanayovuja damu na rekodi iliyoandikwa malaria ameshindwa na ugonjwa, na ameshindwa na msamiati pia. Ugonjwa una dawa. Dawa ya msamiati imo mikononi mwa taaluma hii.